Kuota na Kujua Kuwa Waota

Karibu kila mtu huota, hata yule aapaye kuwa haoti kamwe. Wataalamu wa usingizi wamewalaza watu wa namna hiyo na kuwaamsha katikati ya usiku kwa wakati maalum, na wengi wao walipoamshwa walikuwa na ndoto mdomoni, mbichi kabisa. Basi tofauti yetu si katika kuota, bali katika kukumbuka. Hata hivyo katika ndoto zetu nyingi sisi tu kama mzigo uliopakiwa garini: twachukuliwa tu. Mtu mwenye miaka arobaini huota amerudi darasa la tatu, magoti yake yagonga dawati, wala haoni ajabu. Huota ng'ombe wake akimsemesha, naye humjibu kwa adabu. Asubuhi ndipo acheke.

Lakini iko ndoto ya namna nyingine. Katika hiyo mtu amelala kabisa, macho yamefumba, aona mambo ya ndoto kama kawaida, kisha ghafula ajiambia moyoni: “Hii ni ndoto. Mwili wangu uko kitandani.” Wala haamki. Aendelea kuota, ila sasa yu mwenye akili zake, naye aweza kuchagua kwenda huku au kule. Ndoto hiyo nitaiita ndoto ya kujitambua. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Uingereza walikusanya hesabu za uchunguzi wa miaka 50 wakaona kuwa watu kama 55 katika kila 100 wamewahi kuipata walau mara moja maishani, na kama 23 huipata kila mwezi au zaidi. Kwa hiyo baadhi yenu msomao haya mmekwisha kuipata, labda mkadhani ni jambo lenu peke yenu.

Mimi ni karani wa serikali hapa Machakos, umri wangu miaka thelathini na sita, na ustadi huu nimekuwa nikijifunza kwa muda wa miezi kumi na minne. Mimi si bingwa. Katika muda wote huo nimefaulu mara kumi na moja tu, na kati ya hizo nne zilikuwa fupi kuliko muda wa kupiga muhuri. Naandika kama mwanafunzi aliyetangulia hatua mbili, awaambie wanaomfuata penye jiwe na penye shimo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wasio na kazi. Sivyo. Karibu mwaka wa 415 Augustino, askofu wa Hippo, ambayo leo imo katika nchi ya Algeria, aliandika barua akisimulia habari za tabibu mmoja wa Carthage aliyeitwa Gennadius. Tabibu huyo aliota kijana akimwuliza mwili wake uko wapi, naye akajibu kuwa umelala kitandani. Kijana akamwuliza kama ajua kuwa macho ya mwili ule yamefumba wala hayaoni kitu. Basi haya anayomwona nayo ni macho gani? Tabibu akakosa neno la kujibu. Habari hiyo ni ya bara letu hili la Afrika, na ni ya kale kuliko dola nyingi tulizofundishwa shuleni. Huko Tibet nako watawa wa dini ya Budha wamekuwa na mafundisho ya ndoto za namna hii kwa karne nyingi.

Wala sisi Wakamba hatuna haki ya kumcheka mtu ashughulikaye na ndoto. Mji huu wetu umepata jina lake kwa Masaku, ambaye wazee humsimulia kuwa alikuwa mwonaji. Syokimau naye, kama isimuliwavyo, aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini kabla reli haijafikiriwa na mtu yeyote huku. Na tangu mwaka wa 2012 iko stesheni ya treni yenye jina lake, kwa hiyo yule mama sasa hupokea abiria wa nyoka wake kila asubuhi. Tena babu zetu walisadiki kuwa aimu, yaani roho za wazee waliokufa, huja kwa jamaa zao katika ndoto kudai kitu au kuonya. Neno hili la aimu nitalirudia, kwa kuwa ndilo lililonipa taabu.

Wenye elimu wa Ulaya kwa muda mrefu hawakusadiki. Mfaransa Hervey de Saint-Denys, ambaye alianza kuandika ndoto zake akiwa kijana wa miaka 13, alitoa kitabu mwaka wa 1867 juu ya njia za kuziongoza. Wachache waliusikia ujumbe wake. Mwaka wa 1913 daktari Mholanzi, Frederik van Eeden, aliipa ndoto hii jina linalotumika hata leo katika vitabu vya Kiingereza, na akaeleza kuwa tangu mwaka wa 1898 hata 1912 alikuwa ameandika ndoto zake 352 za namna hiyo. Watu wakauliza swali la haki kabisa: tutajuaje kuwa mtu huyu alikuwa amelala? Labda alikuwa macho kidogo, akawaza tu.

Jibu lilipatikana kwa njia ya macho. Mwaka wa 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kuwa yako majira katika usingizi ambapo macho ya mtu huenda mbio chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo, aghalabu husimulia ndoto. Majira hayo huja karibu kila dakika 90, na kila yajapo huzidi kurefuka, hata yale ya alfajiri huwa marefu kuliko yote. Katika muda huo viungo vya mwili hulegea kabisa kama vimefungwa, ili mtu asiinuke akapigana na simba wa ndoto na kumpiga mkewe. Lakini macho na pumzi havifungwi. Basi mwezi wa Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipatana na mtu aitwaye Alan Worsley kwamba, atakapojitambua ndani ya ndoto, apeleke macho yake kushoto na kulia mara kadhaa kama ishara. Worsley akalala, akaota, akajitambua, akatoa ishara. Mashine zikaandika kuwa amelala fofofo na huku macho yake yakisema. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, akafanya vivyo hivyo bila kujua habari za Hull, akazidi kuchunguza na kuwafundisha wengine. Na mwaka wa 2021 wataalamu wa nchi nne, Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, walitangaza kuwa wamewauliza maswali watu 36 waliokuwa wamelala, na baadhi wakajibu. Mmoja aliulizwa nane ukitoa sita ni ngapi, akajibu kwa macho: mbili. Maswali mengi zaidi hayakujibiwa, lakini hayo machache yatosha kumnyamazisha mwenye ubishi.

Hayo ndiyo niliyosoma. Sasa niseme kwa nini mimi, mtu mwenye kazi na watoto watatu, niliingia katika jambo hili.

Baba yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu siku za matanga nilikuwa nikimwota mara kwa mara, naye yu mzima, ashughulika na mambo yake: atengeneza mpini wa jembe, au akagua matuta baada ya mvua. Katika ndoto sikumbuki hata mara moja kuwa amekufa. Tunazungumza juu ya mambo madogo, bei ya mbaazi, mbuzi aliyekatika kamba, kisha naamka, na ndipo nakumbuka. Wasomaji waliofiwa na wazazi wanajua uchungu wa dakika ile. Ni kama kupokea habari ya msiba upya, kila mara, saa kumi na moja alfajiri, na baada yake mtu atakiwa anyoe ndevu aende kazini. Nikawaza kuwa, ikiwa mtu aweza kujifunza kujua kuwa aota, basi ningeweza walau mara moja kumtazama baba hali najua kuwa ni mara moja. Nilitaka kumtazama tu.

Kwanza nikanunua daftari. Huu ndio mwanzo wa wote, wala hapana njia ya mkato. Mtu asiyekumbuka ndoto zake atajitambuaje ndani yake? Nalifuata shauri la vitabu: ukiamka usigeuke, usifumbue macho, usifikiri juu ya kazi, lala vile vile ulivyokuwa ujiulize, “Nilikuwa wapi sasa hivi?” Ndoto hurudi kwa mkia wake, kama kamba ivutwayo kisimani. Juma la kwanza nilipata mstari mmoja tu, nao ulisema: “Viatu.” Juma la nne nilikuwa nikiandika ukurasa mzima kila asubuhi, na mke wangu akaniambia, “Baba watoto, afadhali ungeandika barua ya kuomba kupandishwa cheo.”

Baada ya miezi miwili nikalikagua daftari kama mkaguzi wa hesabu akaguavyo vitabu, nikitafuta jambo lirudialo. Nikaona matatu. La kwanza, ofisi yetu yenye makaratasi yaliyolowa maji. La pili, gari la abiria liendalo Nairobi lakini lapita njia ya Wote. La tatu, baba. Mambo yarudiayo hivyo ni kama alama za barabarani: mtu akizoea kuzitambua mchana, huenda akazitambua usiku. Basi nikajifundisha neno moja, nikilisema kila siku njiani kwenda kazini: “Nikimwona baba, naota.” Neno hilo ni gumu kusema mara ya kwanza. Mara ya mia laweza kusemwa.

Pamoja na hayo kuna majaribio ya mchana. Maana yake ni kujiuliza mara kadhaa kila siku, kwa dhati, “Je, sasa naota?” kisha kupima. Kwangu mimi kipimo kizuri ni maandishi, kwa kuwa maandishi ndiyo mkate wangu. Soma namba ya faili, tazama kando, isome tena. Ukiwa macho itakuwa ile ile. Katika ndoto aghalabu itageuka. Kipimo cha pili ni kubana pua na kujaribu kuvuta pumzi. Katika ndoto pumzi hupita ingawa pua imebanwa. Cha tatu ni kuhesabu vidole. Mwenzangu wa meza ya pili aliniona siku moja nikihesabu vidole vyangu polepole, akaniuliza kama mwisho wa mwezi umekaribia. Lakini jihadharini: ukipima kwa mazoea tu, kama mtu asemaye “hujambo” bila kungoja jibu, utapima vivyo hivyo katika ndoto na kujiambia kuwa u macho. Mimi imenipata. Niliota nina vidole saba, nikaviandika katika rejista, nikafunga.

Njia iliyo na nguvu zaidi ni ile ya LaBerge, na hapa wakulima wametutangulia makarani. Mtu hulala kama saa tano, huamka, hukaa macho kwa dakika chache, kisha hurudi kitandani akijiambia, “Nikiota tena, nitakumbuka kuwa naota,” na huku akijipigia picha ya ndoto aliyotoka kuiota, ajione humo akijitambua. Sababu yake ni ile niliyotaja, kwamba ndoto ndefu ziko upande wa alfajiri. Mtu aingiapo usingizini wakati huo huangukia katikati yake. Mkulima aamkaye saa tisa za usiku kumtazama ng'ombe azaaye, kisha akarudi kulala, amekwisha kufanya nusu ya kazi bila kujua. Kwetu sisi maji ya mfereji aghalabu huja saa tisa hizo, na mimi na mke wangu tumezoea kuamka kujaza mapipa. Kwa miaka mingi nalinung'unikia jambo hilo. Sasa nashukuru kidogo, ingawa si sana.

Uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa watu waliochanganya njia hizi, majaribio ya mchana na kuamka usiku pamoja na lile neno la kujiambia, walifaulu kama mara 17 katika kila majaribio 100 katika juma la kwanza. Wale walioweza kurudi usingizini upesi, ndani ya dakika 5, walifaulu karibu nusu ya majaribio yao. Kwa hiyo mtu asijilaumu akikosa siku nyingi. Mimi nilianza mwezi wa Septemba, mvua za vuli zikaja zikaisha, tukavuna kunde na mahindi, wala sikupata kitu.

Nilifaulu mara ya kwanza mwezi wa Februari. Niliota niko mezani pangu, nami nagonga tarehe kwenye barua. Nikatazama: 31 Februari. Karani hawezi kuiona tarehe hiyo akanyamaza. Nikatazama tena, pakawa na jina la mwalimu wangu wa zamani. Nikasema kwa sauti, “Naota!” Siwezi kuwaeleza vema jinsi mambo yalivyobadilika. Chumba kilikuwa kile kile, lakini kila kitu kilikuwa kama kimeoshwa. Naliona vumbi juu ya kabati na michirizi ya mbao, nikastaajabu kuwa kichwa changu chaweza kutengeneza michirizi ya mbao bila kuambiwa. Furaha ikanizidi, moyo ukapiga, nikaamka. Ilikuwa kama hesabu ya kumi. Baadaye nalisoma kuwa wote waanzao hupatwa na hivyo, na dawa yake ni kutulia, kusugua viganja vya ndoto kimoja juu ya kingine, na kutazama vitu vilivyo karibu, kimoja kimoja. Nimejaribu, yafaa.

Kabla sijasonga mbele, niseme habari za jinamizi. Mtu ajifunzaye kuamka na kulala mara mbili usiku huenda akapatwa nalo: akili huamka kabla viungo havijafunguliwa, mtu ajiona kitandani mwake hawezi kuinua mkono, kifuani kama kuna mzigo, na pembeni kama kuna mtu amesimama. Pwani wengi husema ni jini. Kwetu husemwa ni mambo ya mirogo. Lakini ni kule kulegea kwa viungo nilikokwisha kueleza, kumechelewa kuondoka. Halina hatari. Usishindane nalo, vuta pumzi polepole, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, nalo litaondoka lenyewe. Lilinipata mara mbili mwezi wa Machi, na mara ya pili nilikuwa karibu kucheka, ila mdomo haukufunguka. Neno la pili ni la kweli zaidi: mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye hata mchana mambo ya kweli na yasiyo kweli humchanganyikia, mchezo huu haumfai kabisa, asiuguse. Na mtu aliye mzima naye asiukatekate usingizi wake kila usiku. Mimi huweka usiku wa Ijumaa tu kwa majaribio, kwani mshahara hulipwa kwa mtu aliye macho.

Sasa nirudi kwa baba.

Ukoo wetu una shauri la mpaka. Shamba la baba lapakana na la jamaa mmoja wa ukoo huo huo, na kati yao palikuwa na mstari wa mkonge. Sehemu ya chini mkonge ule uling'olewa zamani, wakati matuta yalipochimbwa upya, na sasa jamaa asema mpaka uko juu ya bonde dogo, na sisi twasema uko chini yake. Ni ardhi ya kutosha magunia mawili ya mahindi mwaka wa mvua njema. Mtu aliyejua hasa alikuwa baba, naye alikufa bila kuandika neno. Zamani mashauri ya namna hiyo yalikuwa yakikatwa kwa kiapo cha kithitu, ambacho hata leo wengi Ukambani hukiogopa kuliko mahakama. Siku hizi wazee wa ukoo husikiliza kwanza, wakishindwa huja wapima ardhi na mawakili, na gharama hupita thamani ya yale magunia.

Baba mdogo, yaani nduguye baba, alipata habari za daftari langu kwa mke wangu. Akaja nyumbani Jumapili moja, akanywa chai mpaka ikaisha, kisha akasema, “Mwanangu, nimesikia kuwa waweza kumwona ndugu yangu na huku wajijua. Basi mwulize jiwe liko wapi.” Nikamwambia kuwa mambo hayaendi hivyo, kwamba anionekanaye ni picha ya kichwa changu. Akanitazama kama mtu atazamavyo mtoto aliyekataa chakula cha mgeni. “Wewe mwulize tu,” akasema. “Kuuliza si kuiba.”

Mwezi wa Mei, usiku wa Ijumaa, baada ya mapipa kujaa, nikamwona. Alikuwa ameketi kizingitini, akimenya mbaazi katika ungo, amevaa koti lake la kahawia lenye kifungo cha rangi nyingine. Neno nililojifundisha likaja lenyewe: nikimwona baba, naota. Sikuruka. Nalisugua viganja, nikatazama ungo, nikatazama kifungo, kisha nikamtazama uso. Nalimtazama kadiri nilivyotaka. Alikuwa na kovu lake juu ya nyusi, nalo lilikuwa mahali pake. Nikasema, “Baba, jiwe la mpaka liko wapi?”

Akasimama, akaonyesha kwa kidole chini ya bonde dogo, palepale tunapopasema sisi, akanijibu kwa maneno haya: “Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, mpaka uko hapo.”

Nikaamka. Nikalala kimya, nikavuta ile kamba, nikaandika yote. Halafu nikayatazama maandishi yangu kwa muda mrefu. Baba yangu katika maisha yake yote hakunisemesha Kiswahili hata mara moja. Alikijua cha kununulia na kuuzia sokoni, mimi na ndugu zangu alitusemesha Kikamba tu, na hata katika Kikamba chake hapakuwa na “kwa mujibu” wala “kumbukumbu zilizopo.” Hayo ni maneno yangu. Nayaandika mara ishirini kila siku. Aliyesimama kizingitini alivaa koti la baba na kovu la baba, lakini alipofunguliwa mdomo ilitoka ofisi yetu.

Van Eeden yule Mholanzi alisimulia kuwa katika ndoto ya kujitambua alikutana na shemeji yake aliyekwisha kufa, naye alisadiki kabisa kuwa ni yeye hasa. Alikuwa msomi kuliko mimi, wala sina haki ya kumkatalia yaliyo yake. Ila mimi nilisikia lugha.

Nikamweleza baba mdogo yote, bila kuficha, pamoja na habari ya Kiswahili. Nalidhani jambo hilo litamaliza maneno. Akafikiri kidogo, akasema, “Tangu lini mtu aliyekufa akaulizwa cheti cha lugha? Alikusemesha Kiswahili ili uweze kuandika. Angesema Kikamba ungeandika vibaya, ninyi mliosomea misheni.” Kisha akanitaka nisimame mbele ya wazee wa ukoo niseme kuwa baba amenionyesha jiwe. Nikakataa. Nikamwambia nitasema yale niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa kijana wa miaka kumi, nilipopelekwa kukata majani ya mkonge ule kwa ajili ya kamba: kwamba mstari ulishuka mpaka penye mti wa mwembe uliopigwa na radi, na zaidi ya hapo sikwenda. Mwembe ule uko juu ya bonde, si chini. Kwa hiyo ushahidi wangu hautusaidii sana, na baba mdogo analijua hilo, nami nalijua, na jamaa wa upande wa pili atafurahi kuusikia.

Baba mdogo hakuja nyumbani kwa Jumapili tano. Ya sita alikuja, akauliza hali ya watoto, mpaka hakuutaja. Wazee watakaa mwezi ujao baada ya mavuno.

Tangu hapo nimemwona baba mara mbili hali najijua, wala sikumwuliza kitu. Mara moja alikuwa akienda zake kwenye matuta, nikamwona mgongo tu. Mara ya pili ulikuwa ule ungo wa mbaazi, nami nikaketi kando yake nikamenya pamoja naye. Hatukusema. Mbaazi zilikuwa baridi kidogo kwa umande, na zilizooza tulizitupa kwa kuku. Nalihesabu moyoni nipate kujua muda, nikafika arobaini na mbili, ndipo picha ilipoanza kufifia, kwanza kuku, kisha kizingiti, mwisho mikono yake.

Niliamka nikasikia maji yakianguka katika pipa, na mke wangu akiniita nje nimsaidie kubadili ndoo.